Barua kwa wanangu mnaosoma viumbe vya bahari

Wanangu,

Juzi nilialikwa kuwasikiliza mkiwasilisha tafiti zenu. Kijana mmoja alieleza jeni za kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, kwa nusu saa, kwa ufasaha. Nikamuuliza mdomo wa mnyama huyo uko wapi. Akaitazama picha ukutani, akanyamaza. Niliumia, maana pale tulipokaa mawimbi yalikuwa yakisikika dirishani.

Mdomo uko chini, mwanangu, katikati, umelalia mwamba. Mama achokoaye pweza Jambiani, kule Zanzibar, angekujibu bila kuinua mgongo.

Swali letu la maisha ni hili: mwili wa mnyama ulipataje umbo lake? Kiti cha pweza huanza kama kiluwiluwi, yaani mtoto asiyefanana bado na mzazi, angavu anayeelea, mwenye kushoto na kulia kama wewe na mimi. Kisha, upande wake wa kushoto, huanza kuumbika mwili mwingine wa pande tano. Ujanani nililea viluwiluwi hao kwa majuma. Mara mbili walikufa wote kwa sababu nilichelewa kuwabadilishia maji. Mara ya tatu niliiona miguu ya kwanza kwenye hadubini, nikalia.

Mwaka 2023 watafiti Laurent Formery, Christopher Lowe na wenzao huko Marekani walionyesha kwamba jeni zinazochora kichwa kwa wanyama wengine zimetapakaa mwili wote wa kiti cha pweza, na zile za kiwiliwili karibu hazionekani. Yaani hata tunachokiita mikono kina asili ya kichwa! Vipimo vya jeni ndivyo vilivyofumbua hilo, wala sivipingi. Lakini asiyejua mdomo uko wapi atashangaa nini?

Andikeni tarehe na mahali kwenye kila chupa. Jifunzeni majina ya wavuvi kabla ya Kilatini. Msitupe sampuli.

Na sisi wazee tuna hatia. Tumewapa shahada bila kuwapandisha mashua. Jongoo bahari tunamjua kwa kilo za kuuza nje tu; nani anauliza vipi jamaa huyu wa kiti cha pweza alilala ubavu, akapata tena kushoto na kulia?

Bamvua lijalo, saa nne asubuhi, maji yakishakupwa, nitakuwa kwenye madimbwi ya miambani. Njooni na viatu. Simu ziacheni nyumbani.