Kugeuza sauti ya maiki kinyumenyume: anza kuifikiria kabla hujarekodi

Kugeuza rekodi kinyumenyume ni amri moja tu. Kwenye Audacity, programu isiyolipiwa, unachagua kipande cha sauti, unafungua menyu ya efekti, unabonyeza, basi. Ndiyo maana wanamuziki wanaotuletea kazi za majaribio hushangaa tunapowauliza maswali mengi kuhusu jinsi walivyorekodi, badala ya kupokea faili na kuigeuza papo hapo. Tunauliza kwa sababu uzuri wa sauti iliyogeuzwa huamuliwa siku ya kurekodi. Kile ambacho maiki haikukidaka hakuna programu itakayokirudisha.

Chukua noti moja ya gitaa. Kidole kinapokwanyua uzi, sauti hufika kileleni mara moja, kisha hufifia taratibu kwa sekunde kadhaa. Igeuze: sasa inaibuka kutoka kwenye ukimya, inakua polepole, halafu inakatika ghafla mahali kidole kilipogusa uzi. Sikio hutambua chombo kwa sehemu kubwa kutokana na mwanzo wa noti, kwa hiyo ukiuhamishia mwanzo huo mwishoni, chombo kinapoteza utambulisho wake. Piano iliyogeuzwa hukaribia mlio wa kodiani. Filimbi iliyoshikilia noti moja bila kutikisika, kwa upande mwingine, haibadiliki sana, maana masafa (frikwensi) ya sauti yaliyomo ni yaleyale ukienda mbele au nyuma. Mradi ambao sauti zake zote ni ndefu na tulivu utapata faida ndogo sana kwa kugeuzwa, na tunapoona hivyo tunamwambia mteja mapema.

Kinachotusumbua zaidi ni mkia wa sauti. Mtu anamaliza kupiga, anazima rekodi huku noti bado inalia kwa mbali. Ukisikiliza kwa mbele hutambui kasoro yoyote. Ukigeuza, ule mkato ndio unaofungua kipande: sauti inalipuka ghafla, badala ya kuchomoza taratibu. Baada ya noti ya mwisho, acha maiki ikae wazi mpaka usisikie chochote, kisha ongeza sekunde tatu au nne. Usisogee, usiweke chombo chini, usivute pumzi ya ahueni. Na kama una kifaa au programu inayofunga sauti ndogo ili kuondoa kelele, izime kabisa, kwa sababu hiyo hukata mkia uleule tunaoutafuta.

Mvumo wa feni na mchakacho wa waya mbovu nao hupata nafasi mpya. Katika rekodi ya kawaida hufichwa na noti inayofuata. Ikigeuzwa, msikilizaji hukutana na mvumo kwanza na muziki baadaye. Rekodi kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, kilele kikiwa kati ya desibeli 12 na 6 chini ya kikomo cha rekodi, na utuletee WAV, aina ya faili inayohifadhi sauti yote. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo, na kasoro zake hujitokeza vibaya kwenye sehemu hafifu ambazo sasa zimekuwa mlango wa kuingilia.

Kwa sauti ya mtu mambo yananoga zaidi. Silabi zetu nyingi huanza kwa konsonanti na kuishia kwa irabu, kwa hiyo zikigeuzwa zinaanza kwa irabu na kufungwa kwa konsonanti: “kaka” hutoka kama “akak”. Lakini si herufi zinazogeuka, ni sauti yenyewe. Vipasuo kama p, t na k vina kimya kifupi kisha mpasuko. Kinyumenyume mpasuko unatangulia na kimya kinafuata, jambo ambalo mdomo hauwezi kulitamka sawasawa. Pumzi iliyovutwa kabla ya mstari huja baada ya mstari. Wapo waimbaji wanaopenda pumzi hiyo, na sisi pia tunaipenda. Tunaomba tu iwe imerekodiwa kwa makusudi.

Kuna mbinu tunayoipendekeza kwa kila mwimbaji mwenye subira. Rekodi mstari, ugeuze, usikilize hadi uweze kuuiga, kisha jirekodi ukiiga huko kinyumenyume. Geuza rekodi hiyo ya pili. Maneno yanarudi kwa mpangilio wake, yanaeleweka, lakini yana lafudhi isiyo ya mtu yeyote. Hakuna plagini (programu ndogo ya nyongeza) tunayoijua inayofikia hapo.

Mpangilio wa efekti nao una uzito. Kupunguza besi au kuongeza sauti za juu kwa ikwalaiza huleta karibu matokeo yaleyale, uwe umefanya kabla au baada ya kugeuza. Kompresa, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, haiko hivyo, kwa kuwa hubana na kuachia kwa kufuata mwendo wa muda. Mwangwi ndio unaobadilika kuliko vyote. Geuza sauti kwanza, weka mwangwi, urekodi pamoja nao, kisha geuza tena: sauti inasikika kawaida, lakini mwangwi wake unaitangulia, unapanda hadi neno lenyewe linapotamkwa. Kumbuka kuongeza kimya mwishoni mwa kipande kabla ya kuweka mwangwi, la sivyo utakatwa.

Unapopanga kipande kwenye wimbo, usilinganishe mwanzo wake na mdundo. Kilele sasa kiko mwishoni, hivyo mwisho ndio unaopaswa kuangukia kwenye mdundo.

Haya yote yana historia ndefu. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mtunzi na mhandisi Mfaransa, alikuwa akifanya kazi redioni Paris kwa kutumia santuri: alizichezesha kinyumenyume, akabadili kasi, akarudiarudia vipande vya kelele za treni. Baadaye kanda ya sumaku ilirahisisha kazi, kwani ilitosha kuugeuza mkanda. Anayetumia bado rekoda ya kaseti yenye treki nne, yaani njia nne za sauti zilizo sambamba kwenye kanda, ajue kwamba kanda ikigeuzwa, treki ya kwanza inakuwa ya nne na ya pili inakuwa ya tatu.

Wale wanaoandika programu zao wenyewe hutuletea faili zilizojaa kelele tupu. Wamegeuza baiti, wakati kinachogeuzwa ni sampuli nzima, yaani kila kipimo kimoja cha sauti pamoja na baiti zake, na kichwa cha faili, yaani maelezo yaliyo mwanzoni mwake, hakiguswi. Kwa sauti ya stirio, sampuli ya kushoto na ya kulia zisogezwe pamoja kama jozi. Zikigeuzwa moja moja, kushoto na kulia vinabadilishana.

Swali la mwisho, linalokuja kutoka kwa wanaojiandaa kwa jukwaa: je, maiki inaweza kutoa sauti iliyogeuzwa moja kwa moja? Inaweza, ila kwa vipande. Mashine haiwezi kugeuza neno ambalo halijatamkwa, hivyo hukusanya kipande, tuseme cha sekunde moja, kisha hukitoa kinyumenyume huku ikikusanya kingine. Ulichosema mwishoni mwa kipande kinatoka papo hapo. Ulichosema mwanzoni kinatoka sekunde mbili baada ya kukisema. Vipande vifupi huonekana kuitikia haraka lakini husikika kama kukwaruza, virefu vina mkondo mzuri lakini hukuacha ukisubiri. Kwenye maungio huzuka mipasuko midogo, ambayo tunaiondoa kwa kufifisha kipande kimoja juu ya kingine kwa milisekunde 10 hadi 20. Kwa kazi ya jukwaani tunapanga urefu wa kipande kulingana na kasi ya wimbo, kwa hiyo tuletee tempo pamoja na rekodi ya sauti utakayoimba, na tutajaribu urefu mbalimbali ukiwepo mwenyewe na maiki utakayoitumia.