Darasa la ramani Jumamosi: tumebadilisha mahali

Ndugu zangu, habari za jioni na poleni na majukumu.

Darasa letu la kuchora ramani kwa kompyuta liko palepale Jumamosi hii, saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana, ila si Nyakato tena. Tunakutana Kirumba, hapahapa Mwanza, ukumbi uleule wa kikao kilichopita, ili tukimaliza tuteremke sokoni Mwaloni kuchukua nukta (alama za mahali kwenye ramani) kwa simu.

1. Mchango ni sh 5,000 ya chai na bando. Umfikie mhazini kabla ya Alhamisi jioni.
2. Njoo na kompyuta mpakato na chaja. Usiye nayo sema mapema, tutakukalisha na mwenzako.
3. Pakua QGIS, programu ya kuchorea ramani, ukiwa nyumbani. Ni ya bure, lakini faili lake ni kubwa. Tukilipakua wote pale bando halitatosha.

Tutaanza na latitudo (namba ya umbali wa mahali kaskazini au kusini mwa ikweta) na longitudo (namba ya upande wa mashariki au magharibi), jambo ambalo wengi huliruka. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ya Mwanza huandikwa na alama ya kutoa: -2.5, na longitudo 32.9. Ukiisahau alama hiyo, nukta yako ya Kirumba inaangukia kaskazini mwa Uganda, jirani na Lira! Hapo tutakaa mpaka kila mtu aelewe. Matabaka ya ramani, yaani la barabara na la mialo (sehemu za kushushia samaki ufukweni), yatafuata.

Mama zetu wauza dagaa, msiogope kompyuta. Majina ya mialo midogo mnayajua ninyi, na tunayahitaji sana kwenye ramani.

Tafadhali kila mmoja aandike NIPO au SIPO hapa kabla ya Alhamisi saa 12:00 jioni.