Mjomba, panda meli

Shikamoo Mjomba.

Mama ameniambia choo chako kimekuwa cheusi tena, na kwamba umewaapisha wote hapo nyumbani wasinieleze. Nikikupigia simu unaniuliza bei ya dagaa Kirumba. Nikirudi kwenye habari ya tumbo, unasema salio linaisha, na simu nimepiga mimi! Basi naandika hapa ambapo huwezi kunikatia. Jina lako silitaji, wala kijiji. Ila huko visiwani Ukerewe wazee wenye tumbo la namna yako si mmoja wala wawili, nao wana wapwa wenye simu. Huenda mmoja wao akasomewa.

Najua mgomo wako ulianzia wapi. Ni yule mhudumu aliyekuuliza mbele ya foleni nzima, na wakwe zako wamo, "Mzee, gongo unakunywa lita ngapi?" Wewe, Msabato tangu ujana, usiyegusa hata majani ya chai. Ulifunga vifungo vya shati, ukachukua kofia yako, ukaenda zako. Tangu hapo ukisikia hospitali unaona mahali mtu mzima anapovuliwa heshima kwanza, nguo baadaye. Sikulaumu hata kidogo. Lakini majirani nao wameshaanza yao, kwamba umetupiwa kitu, na wewe upo katikati: ukienda hospitali utaitwa mlevi, ukibaki nyumbani utaitwa umelogwa. Ndiyo maana nataka nikusimulie habari za Bugando, ile hospitali ya hapa Mwanza nilikolazwa nilipotapika damu, maana mama alikusimulia kwa kifupi ili usiogope, akaacha nje yale yenye maana.

Kutapika damu kwenyewe hakuna la kusimulia. Inatoka nyingi, unaishiwa nguvu, watu wanakubeba. Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa wodini usiku, shati limeganda kifuani, na binti mmoja amesimama pembeni. Umri wake ni wa mjukuu wako yule mkubwa. Najua hapo moyo umekudunda, kwa sababu hicho ndicho unachokiogopa kuliko sindano: kuvuliwa na mtoto wa watu.

Akaniambia jina lake, kisha akasema, "Kaka, mimi ndiye muuguzi wako mpaka asubuhi. Shati limelowa, nataka nikuvue. Nakufunika shuka kwanza, halafu nalitoa kwa chini." Akamwita mwenzake ashike shuka jingine upande wa pili, likawa pazia. Akanifuta uso, shingo, na damu iliyokaukia masikioni. Hakukunja pua. Shati hakulitupa, alilitia kwenye mfuko akaniuliza ni nani wa kukabidhiwa.

Usiku ule kila alichokifanya alikitanguliza kwa maneno. Sindano hii itauma kidogo. Hii ya pili itauma zaidi, vumilia. Damu hii ninayokutundikia, ukisikia baridi au mwili unawasha niite, usione unanisumbua. Mimi nilidhani huruma ya hospitali ni kupapaswa na kuambiwa pole. Pole zipo, na ni nzuri, lakini kilichonitoa hofu ni kujua kinachofuata. Mtu akishakwambia anachotaka kukufanyia, mwili unaendelea kuwa wako hata kama huwezi kuunyanyua.

Ikafika haja kubwa. Nikataka kwenda mwenyewe, akanikatalia, ningeanguka. Akaleta chombo, nikaona aibu ya kufa. Akasema, "Usinionee haya. Rangi ya choo ndiyo inayonieleza kama bado unavuja ndani. Ukinificha, umenifunga macho." Mjomba, kitu unachowakataza watu wasikiseme, yule binti alikuwa anakingoja kwa hamu akaandike kwenye faili.

Asubuhi ikaja raundi. Unapafahamu pale kilimani, uliniambia mwenyewe kwamba ulikuwa kijana wakati ile hospitali inafunguliwa mwaka 1971. Siku hizi pana na chuo kikuu cha udaktari, kwa hiyo daktari haji peke yake, anakuja na kundi la wanafunzi. Alisimama upande wa kichwa changu, si miguuni, akaniuliza kama naruhusu wanafunzi waniguse tumbo. "Ukikataa, matibabu yako yako palepale." Nikasema sawa, ila wasizidi wawili. Wakaja wawili, wengine wakabaki na madaftari yao.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekulia wapi?" Nikasema Ukerewe. "Ulikuwa unaoga ziwani?" Nilicheka japo tumbo liliuma. Tungeoga wapi kwingine? Habari ya pombe aliiuliza baadaye, kwa sauti ileile aliyoulizia ziwa, na nilichojibu ndicho alichoandika.

Kisha akanieleza, na hapa ndipo nataka usikilize kwa sababu nadhani ugonjwa wangu na wako ni mmoja. Ni kichocho cha tumbo. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wa ziwani, vinapenya ngozi ukiwa ndani ya maji, vinakua minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na inaweza kuishi humo miaka mingi ikitaga. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine yanakwama kwenye ini na kuacha makovu. Akauliza kama nimewahi kuona magugu maji yakiziba mdomo wa kijito: maji hayapandi juu yake, yanafurika pembeni. Damu nayo ikizibiwa njia kwenye ini inasukuma kando. Bandama linavimba, ndilo hilo gumu unalolishika ubavuni kushoto, na mishipa ya kwenye njia ya chakula inatanuka mpaka siku moja inapasuka. Ikivuja taratibu, choo kinakuwa cheusi. Ikipasuka, unatapika.

Wala gongo wala mchawi, Mjomba. Ni maji tuliyoogea, na nyavu ulizozivuta ukiwa umezama mpaka kiunoni. Watoto siku hizi wanapimwa urefu shuleni wanapewa dawa yake, prazikwanteli. Enzi zenu nani aliwapa?

Sitaki udhani kila mtu kule ni malaika wa kutabasamu. Kulikuwa na nesi mmoja wa zamu ya mchana, uso wake haukuwahi kulegea. Tulimwogopa. Lakini dripu ya mtu haikupata kuisha kabla hajafika, na usiku anakabidhi zamu alipita kitanda kwa kitanda akimweleza mwenzake mbele yetu, tukisikia, nani kala na nani hajala. Nikiambiwa nichague kati ya yeye na mtu wa maneno matamu asiyekumbuka dripu, namchagua yeye.

Na kulikuwa na mzee kutoka upande wa Sengerema, anasema Kisukuma tupu. Alikuwa apelekwe upasuaji, karatasi ya kukubali inahitaji kidole chake. Mwanawe hajafika. Yule muuguzi wa usiku angeweza kuushika mkono wa mzee akauchovya kwenye wino, kazi ikaisha. Akaenda kumwita mama anayefanya usafi, ambaye ni Msukuma. Mama akaweka ndoo chini, akamwamkia mzee "mwangaluka baba," wakazungumza mpaka mzee akauliza maswali yake yote. Mengine yalimhusu ng'ombe. Ndipo akatoa kidole mwenyewe.

Kipimo chenyewe cha kamera usikiogope kupita kiasi, ingawa sitakudanganya kwamba ni kitamu. Wanakupulizia ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, mpira mrefu unapita mdomoni. Waliniambia nikishindwa ninyanyue mkono wa kulia watasimama. Niliunyanyua mara moja, kuwajaribu. Wakasimama kweli. Kwa mpira uleule wanaifunga ile mishipa iliyovimba kwa vimpira vidogo, na baada ya wiki kadhaa unarudi waangalie tena. Makovu ya ini hayafutiki kwa kidonge, hilo niliambiwa wazi. Ila kuvuja kunazuilika, na kuna vidonge vya kupunguza msukumo wa damu ambavyo mpaka leo nameza.

Sasa Mjomba, zile diklofenaki unazonunua dukani kwa ajili ya mgongo, ziache leo, zinaweza kuongeza kuvuja. Nenda hospitali ya wilaya pale Nansio, mwambie daktari choo ni cheusi, usiseme "tumbo linasumbua," akuandikie barua ya rufaa. Meli ikiwa haipo, pitia Rugezi uvuke kwenda Kisorya, gari za Mwanza utazipata. Ukitapika damu siku ya Sabato, usingoje mpaka Jumapili. Mzee wa kanisa nimeshaongea naye, yuko upande wangu. Pesa ikipungua, pale kuna ofisi ya ustawi wa jamii, nitakwenda kukaa kwenye benchi lao mimi, si wewe. Kabla ya kukugusa watakuuliza, na wasipokuuliza, waambie wasubiri kwanza wakueleze. Ni haki yako, haitegemei kama wameamka vizuri.

Huenda wakahitaji ndugu wa kuchangia damu. Vijana wawili wa hapa Nyakato wamekubali, na shemeji yako naye amesema yumo. Mimi nilijitolea wakanikataa.