Joto la Tanga si sababu ya kuondoa themostati

Mhariri,

Msomaji mmoja aliyeandika katika ukurasa wako wa barua hivi karibuni aliwashauri wenye magari wa mikoa ya pwani waondoe themostati kwenye injini zao. Hoja yake ilikuwa kwamba kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba huku kwetu kazi yake ni kuyazuia maji na kulifanya gari lichemshe. Ushauri huo si wake peke yake. Ukishinda kwenye gereji yoyote ya Ngamiani utausikia pamoja na ndugu zake: kwamba kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni kwa wenye theluji, kwamba jua likiwa kali tairi lipunguzwe upepo, kwamba tangi likijazwa mchana litapasuka. Maneno yote hayo yanategemea joto letu, na karibu yote yanalielewa joto hilo kinyume.

Themostati ni valvu ndogo yenye nta ndani yake, inayokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, valvu hujifunga na maji huzunguka ndani ya injini tu. Maji yakishafikia kiwango kilichopangwa, ambacho katika injini nyingi za petroli za Kijapani ni karibu nyuzi 82 za Selsiasi, nta huyeyuka, hutanuka na kuisukuma valvu ifunguke, ndipo maji yanapoanza kwenda kwenye rejeta kupozwa. Sasa tulipime joto la Tanga kwa kipimo hicho. Adhuhuri ya mwezi wa Februari, tunapohema sote na kutafuta kivuli, hewa huwa na nyuzi 32 au 33. Kwa mashine inayotaka kufanya kazi kwenye nyuzi 80 na zaidi, hewa hiyo ni ya baridi, na injini iliyolala Chumbageni usiku kucha inahitaji kupata moto asubuhi kama ile iliyolala Tokyo, ingawa yetu itatangulia kwa dakika chache.

Themostati ikiondolewa, maji huenda kwenye rejeta tangu gari linapowashwa, na injini hukawia kupata moto au haipati kabisa. Sensa huiarifu kompyuta kwamba injini bado ni baridi, nayo kompyuta huongeza petroli, kwa hiyo mwenye gari hulipia ushauri wa bure kila anapofika kituo cha mafuta. Petroli isiyoungua sawasawa huteremka na kuchanganyika na oili, unyevu unaopaswa kukauka kwa moto hubaki humo ndani, na baada ya muda oili hugeuka utope mweusi unaoziba njia zake. Yapo pia magari ambayo hatua hiyo huyafanya yachemshe zaidi, na jambo hili huwashangaza wengi. Injini nyingi za Toyota, hizo hizo tunazoziendesha hapa kila siku, zina themostati yenye kisahani cha pili, ambacho huziba njia ya mkato ya maji wakati valvu kuu inapofunguka. Ukikitoa kifaa chote, njia hiyo ya mkato hubaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Anayezunguka mjini huenda asilione tatizo hilo, lakini akipanda mlima na gari lililojaa abiria na mizigo ataliona.

Haki isemwe hata hivyo. Ushauri huu ulianzia kwenye shida ya kweli, kwa maana themostati iliyochoka inaweza kukwama ikiwa imefungwa, na fundi aliyeitoa kando ya barabara ili lori la zamani lifike linakokwenda alifanya kazi ya maana. Kosa limekuja pale tiba ya njiani ilipofanywa kuwa kanuni ya kila gari, hata lile ambalo tatizo lake ni rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka au gasketi iliyoungua. Kuipima themostati ni rahisi mno: itumbukizwe ndani ya sufuria ya maji jikoni, maji yapashwe moto, na itazamwe kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Ikigoma, inunuliwe nyingine.

Kuhusu kulanti, wanaosema ni ya nchi za theluji wana nusu ya ukweli, kwa sababu ni kweli inayazuia maji yasigande. Nitaongeza kwa upande wao kwamba maji matupu huchukua joto vizuri kidogo kuliko maji yaliyochanganywa na kulanti. Lakini maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 hapa ufukweni, na kwenye nyuzi 95 hivi ukifika Lushoto, kwa kuwa kule ni juu. Mfuniko mzima wa rejeta, kwa ile springi yake inayobana shinikizo ndani, hukipandisha kiwango hicho hadi karibu na 120, na mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti hukisogeza juu zaidi kwa nyuzi kadhaa. Hapo utaona kwamba mwenye rejeta iliyofunikwa kwa mfuniko uliolegea na kujazwa maji ya bomba amejinyima kinga mbili kwa pamoja, katika nchi ambayo kinga hizo zinahitajika zaidi.

Tena kulanti ina dawa za kuzuia kutu. Injini za zamani zilikuwa za chuma kizito na zilivumilia mengi, lakini silinda hedi za magari ya leo ni za aluminiamu, na aluminiamu huliwa upesi na maji yenye chumvi. Visima vingi vya mwambao wetu vina maji ya chumvi; kila mama wa nyumbani huku anaujua ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika, na ukoko huo huo huganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Kwa hiyo kulanti ichanganywe na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Rangi yake, iwe ya kijani, nyekundu au waridi, haiwezi kutegemewa kutambulisha aina, maana kila kiwanda hutia rangi kipendavyo. Isomwe chupa pamoja na kitabu cha gari.

Suala la tairi ni la uhai na kifo. Dereva anayejiandaa kwa safari ndefu mchana huambiwa apunguze upepo ili tairi lisipasuke likipata joto. Upepo hupanda kweli gari linapokimbia, lakini watengenezaji walikwisha kulihesabu jambo hilo walipoandika kipimo kwenye kibandiko kilichopo mlangoni kwa dereva, ambacho kinahusu tairi lililopoa, kabla ya safari kuanza. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavuni kila linapozunguka. Kukunjika huko ndiko kunakozalisha joto kali, na joto hilo ndilo linaloachanisha tabaka zake hadi lipasuke. Namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa tairi lenyewe ni kikomo cha juu kabisa, kwa hiyo isichukuliwe kuwa ndicho kipimo cha kujaza. Hapo hapo ubavuni pana tarakimu nne za kuangaliwa kabla ya kununua tairi la mtumba linalong'aa: 2314, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na mpira wa umri huo haupaswi kuaminiwa hata kama haujawa kipara.

Kwa sisi wa mkoa huu, lakini, hakuna imani inayonitia hofu kama ile ya kuweka nyutro, yaani kulitoa gari kwenye gia, kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ina zaidi ya kilomita 30 za kona, na inateremka karibu meta 1,000. Zamani, kwenye magari ya kabureta, nyutro iliweza kuokoa kidogo. Katika injini yenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, gari likiteremka ndani ya gia huku dereva ameachia pedali ya mafuta, nozeli hufungwa kabisa, wakati kwenye nyutro injini huendelea kunywa ili isizime. Hasara ya mafuta ni ndogo ukilinganisha na ya breki, ambazo sasa zinalibeba gari peke yake bila msaada wa injini. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubaliwa hushuka hadi 140. Yakichemka, mapovu hujaa kwenye mipira na pedali huzama hadi sakafuni. Dereva anayekaa Tanga mjini na kupanda Usambara mara mojamoja ndiye aliye hatarini zaidi, kwani kwenye mitaa yetu ya tambarare mafuta mabovu hayajionyeshi.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia moja kwa kila nyuzi 10, ambayo katika tangi la lita 40 ni chini ya nusu lita, na tangi limeachiwa nafasi ya hilo. Halilipuki kwa jua, ila si vizuri kushindilia baada ya pampu kujizima yenyewe. Kujaza alfajiri ili upate petroli nzito hakuna faida ya kuonekana, kwa kuwa matangi ya vituo yako chini ya ardhi, na joto la huko halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Betri iliyopungukiwa maji iongezwe maji yaliyotoneshwa na kamwe isiongezwe asidi, kwa sababu kinachopotea kwa joto ni maji.

Kuhusu masega ya kwenye ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafishia moshi, wenye magari huambiwa kwamba yanaibana injini na kuipa joto, hivyo yatolewe. Masega yakiziba yanaweza kuleta shida hiyo, na fundi mwenye vifaa hupima kwanza. Yaliyo mazima hugeuza gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi isiwe na madhara, na ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa. Mwenye gari na aulize masega yake yanakwenda wapi baada ya kutolewa.

Sisemi haya kuwadharau mafundi wetu, ambao kwa spana chache na masikio makali huyafufua magari ambayo nchi yalikotoka yangekwisha kutupwa. Wengi wao wakielezwa kifaa kinafanya nini hushika mara moja, na wapo wanaowakatalia wateja wanaong'ang'ania themostati itolewe.

Ombi langu kwako, mhariri, ni kwamba usahihisho wa ushauri ule uchapishwe katika ukurasa ule ule kabla ya Desemba, wakati familia nyingi zinapopandisha magari Lushoto kwa sikukuu katika miezi yetu ya joto kali. Ikiwezekana, mhandisi au mkufunzi wa ufundi wa magari aalikwe kujibu maswali ya wasomaji, akianza na suala la mafuta ya breki, ambalo halizungumzwi kabisa.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga.