Mdogo wangu, Lauda hakuwa mwoga

Mdogo wangu,

Nakujibu hadharani kwa kuwa na wewe ulisema hadharani, mbele ya ukoo mzima, Krismasi ulipokuja Moshi. Ulisema mwaka 1976 dereva James Hunt alistahili taji la dunia la langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1, na mpinzani wake Niki Lauda alikuwa mwoga wa mvua. La Hunt nakubaliana nawe. La uoga nalikataa kabisa.

Kumbuka mbio za Nürburgring, Ujerumani, Agosti 1 mwaka huo. Njia ya karibu kilomita 23 katikati ya milima na misitu, zimamoto hawawezi kuwahi kila kona. Lauda aliwaomba madereva wenzake waisusie, wakapiga kura, akashindwa. Akaingia garini kama wengine. Ferrari yake ikaacha njia ikawaka, na madereva wenzake ndio waliomchomoa motoni. Hospitalini padri akampa mpako wa wagonjwa. Wiki 6 baadaye yuko mbioni Monza, Italia, vidonda vya kichwani bado vinavuja damu, anamaliza wa 4. Mwoga gani huyo?

Halafu Fuji, Japani, mbio za mwisho za msimu. Lauda alama 68, Hunt 65. Mvua kubwa, ukungu, maji yametuama njiani. Kope za Lauda ziliungua, hata kupepesa macho ilikuwa taabu. Akazunguka mara 2, akarudi, akashuka. Emerson Fittipaldi na Carlos Pace nao waliacha siku hiyohiyo, mbona hao huwataji? Mhandisi wake, Mauro Forghieri, alitaka kumsitiri kwa kusingizia injini. Lauda akakataa. Uamuzi ni wake, na ujulikane kuwa ni wake. Mimi hapo namheshimu kuliko hata Monza.

Hunt alipata pancha mwishoni, akabadilisha tairi, akapambana hadi nafasi ya 3. Akashinda kwa 69 dhidi ya 68, taji halali. Lauda alilichukua tena 1977, na 1984 akamzidi Alain Prost kwa nusu alama.

Wewe unaendesha Coaster Arusha–Moshi. Masika yaliyopita uliegesha Boma Ng'ombe mvua ilipofunga njia, hukutaka kuushuka mteremko wa Kikafu huoni mbele. Abiria walikutukana, konda akanuna kwa hesabu ya siku. Mama aliposikia alimshukuru Mungu, na kila mtu hapa nyumbani alikusifu.

Basi nijibu. Ila ukirudi na hoja ya mvua, nieleze na habari ya Pace na Fittipaldi.

Kaka yako, Moshi