Barua kwa binti yangu kabla hujasaini mkataba

Mbukwa mwanangu,

Mama yako alinisomea ujumbe wako jana jioni tukiwa uani, hapa Kizota, Dodoma. Kampuni ya Dar es Salaam inakupa mshahara wa shilingi 1,500,000 kwa mwezi, halmashauri ya Bahi 750,000, nawe unauliza kama kuna cha kufikiria hapo. Kipo.

Nimekaa na kalamu. Kwenye kampuni utakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa pensheni wa sisi wa kampuni binafsi, Bodi ya Mikopo 15 kwa mkopo wako wa masomo, kisha kodi. Zitakazoingia benki ni kama 892,000. Halmashauri, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 5 kwako kwa kuwa mwajiri anabeba 15. Toa bima ya afya asilimia 3, mkopo na kodi, unabaki na kama 519,000. Ile tofauti ya 750,000 imeshuka hadi 373,000, na bado hujalipia chumba huko Dar. Ukiwa Bahi utakuwa unakuja nyumbani Ijumaa, unga wa uwele upo.

Lakini si hesabu hiyo iliyoninyima usingizi. Miaka yote niliyoendesha malori, mimi ndiye niliyekuwa naleta mshahara mkubwa. Mama yako na chaki zake alikaa miaka 7 daraja lilelile la mshahara, nikawa namwonea huruma. Siku nilipokwenda kuchukua taarifa ya michango yangu nilikuwa nimefanya kazi miezi 204. Iliyopelekwa ilikuwa 131. Tajiri alinikata kila mwezi bila kukosa, ila hela hazikufika kwenye mfuko. Na pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180. Nikapewa mkupuo, ukaishia kwenye bati na ada yako. Mama yako leo pensheni yake inaingia kila mwezi, na ndiyo tunayokula wote wawili. Inaniuma, mwanangu.

Sikwambii uikatae kampuni. Zipo zinazopeleka michango kwa wakati na kulipa vizuri. Ila usimuulize mkurugenzi; watafute waliokaa humo miaka mitatu minne, uwaulize kama michango yao inaonekana NSSF na mikataba yao huongezwaje. Ukiingia, chukua taarifa yako kila baada ya miezi mitatu, usisubiri uzee kama mimi.

Slipu zangu za mshahara nimezitia kwenye bahasha, mama yako atakuja nazo Jumamosi. Angalia mstari wa NSSF. Upo kila mwezi.

Baba yako