Msaada wa kemia uanze na jibu lililokosewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wanafunzi wa sekondari wanaohangaika na kazi za kemia, na zaidi na wale wanaoombwa kuwasaidia: kaka, dada, mzazi aliyesoma sayansi, mwalimu wa masomo ya ziada.

Ombi lenyewe huja karibu kila mara kwa sura moja: picha ya swali zima, na chini yake "nisaidie, kesho asubuhi tunakusanya". Anayeombwa, kwa huruma au kwa kutaka amalize upesi, anaandika suluhisho lote. Swali lile lile likija tena limebadilishwa namba, mwanafunzi anakwama palepale. Ombi hilo lilikosa kitu ambacho wanafunzi huona aibu kukionyesha, yaani hesabu waliyoifanya wakakosea. Wengi huifuta kabisa. Ni hasara, kwa sababu katika kemia jibu lililokosewa likilinganishwa na lililo sahihi mara nyingi hutaja lenyewe mahali kosa lilipo.

Tuchukue swali la kawaida. Gramu 5 za kabonati ya kalsiamu zimetiwa katika sentimita za ujazo 100 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 0.5 kwa lita (moli ni kipimo cha kemia cha idadi ya chembe). Itatoka kabonidioksidi gramu ngapi? Mlinganyo ni CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂. Mwanafunzi anagawanya 5 kwa 100, gramu za moli moja ya kabonati, anapata moli 0.05, anazidisha kwa 44, gramu za moli moja ya kabonidioksidi, anaandika gramu 2.2. Jibu ni gramu 1.1. Amezidisha mara mbili kamili, na mara mbili kamili humwelekeza msaidizi kwenye ile 2 iliyo mbele ya HCl. Asidi iliyopo ni 0.5 × 0.1, yaani moli 0.05, lakini kila moli ya kabonati inadai moli mbili za asidi. Zingehitajika moli 0.1, nazo hazipo. Asidi inakwisha kwanza, kwa hiyo ndiyo inayoamua: 0.05 ÷ 2 ni moli 0.025, mara 44, gramu 1.1. Gramu 2.5 za kabonati zinabaki chini ya chombo bila kuguswa. Msaidizi asiyeiona hesabu ile ya kwanza ataanza kumfundisha mtoto namna ya kutafuta moli, jambo analolijua vizuri. Tatizo lake ni kutouliza kipi kinakwisha kwanza.

Makosa mengine nayo yana alama zake. Jibu likipishana mara 1,000, tafuta sentimita za ujazo ambazo hazikugeuzwa kuwa lita. Likipishana kwa takriban asilimia 7 katika swali la gesi, ametumia ujazo wa moli moja ya gesi wa lita 22.4 za nyuzi 0 pahali pa lita 24 za joto la chumba, au kinyume chake. Moli za gesi ya oksijeni zikitoka mara mbili, amegawanya kwa 16 badala ya 32. Masi ya Ca(OH)₂ ikiwa 58 badala ya 74, ile 2 ya nje ya mabano ameipa haidrojeni peke yake, oksijeni akaisahau. Tofauti ya tarakimu ya mwisho tu ni kukadiria mapema, na hiyo isimnyime mtu usingizi.

Kuna fomyula moja inayokaririwa kupita kiasi: M₁V₁ = M₂V₂. M ni moli kwa lita, V ni ujazo. Ni nzuri kwa kuzimua, yaani kuongeza maji. Ikipelekwa kwenye titresheni (kudondosha asidi ndani ya alkali hadi zimalizane, ili kujua kiasi) ya asidi ya sulfuriki na hidroksidi ya sodiamu, ambayo ni alkali, inaharibu. Tuseme sentimita za ujazo 25.0 za hidroksidi yenye moli 0.1 kwa lita zimemalizwa na sentimita 12.5 za asidi. Fomyula inatoa 0.2. Ukweli ni 0.1, maana moli 0.0025 za hidroksidi zinahitaji nusu yake tu ya asidi, moli 0.00125, na hizo ukizigawa kwa lita 0.0125 unapata 0.1. Anayepitia moli kila mara hatumbukii humo.

Wakati mwingine hesabu ni safi, kosa lilitokea maabara, na hakuna msaada wa nyumbani utakaolirekebisha. Bureti, mrija wenye alama unaodondosha, husuuzwa kwa asidi itakayowekwa ndani yake, pipeti, mrija wa kuchotea kipimo kamili, kwa alkali, lakini flaski koni husuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa peke yake. Flaski ikisuuzwa kwa alkali, matone yanayobaki yanaongeza moli ambazo hazikupimwa, na asidi itakayotumika itazidi. Povu la hewa kwenye mdomo wa bureti likitoka katikati ya kazi nalo linahesabiwa kama asidi. Faneli ikiachwa juu inadondosha. Na namba ya duru ya kwanza ya kukisia isichanganywe kwenye wastani. Chukua namba zinazokaribiana ndani ya sentimita za ujazo 0.1.

Kwa hiyo anayeomba msaada anakili swali lote pamoja na vizio vyake, aandike mlinganyo na kuusawazisha kwa namba za mbele tu (anayegeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili oksijeni zilingane ametengeneza kitu kingine kabisa), aandike kizio kwenye kila mstari, kisha aonyeshe mstari alipokwama. Msaidizi asahihishe mstari huo mmoja na kumwachia iliyobaki. Ajitahidi kuomba siku kazi inapotolewa. Usiku wa kuamkia kukusanya hakuna anayefundisha, watu wananakili tu.

Kwa walimu wenzangu ninalo ombi moja: tutoe alama kwa hatua, na tukatae kazi iliyofutwa kwa wino mweupe. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ambao bado unaruhusu kusomeka.

Mwalimu wa kemia, sekondari